Mpango wa Nchi, Fedha za Mgeni

Mpango wa maendeleo wa taifa, kwa maana inayotumika serikalini, ni kitabu kinachoeleza nchi inataka uchumi wake uwe umefika wapi baada ya miaka fulani, ambayo kwa desturi huwa mitano, kazi zipi zitangulie na zipi zisubiri, na fedha za kuzifanya kazi hizo zitatoka wapi. Sehemu mbili za kwanza ndizo zinazosomwa bungeni na kutangazwa redioni. Sehemu ya tatu hukaa kwenye majedwali ya kurasa za mwisho, ambako wasomaji wengi hawafiki, ingawa ndiyo inayoamua kama zile mbili zitageuka kazi au zitabaki maneno. Katika nchi yenye uchumi mdogo jedwali hilo haliwezi kukamilika bila kutaja nchi nyingine, na hapo ndipo mpango wa taifa unapokutana na ushirikiano wa kiuchumi wa kimataifa, yaani mikopo, misaada, biashara, utaalamu na ubia unaovuka mipaka. Tanzania, ambayo imekuwa ikiandika mipango ya aina hii tangu mwaka wa Muungano, ni mfano mzuri wa kulichunguza jambo hili, kwa sababu imeshirikiana na kambi karibu zote za dunia, imegombana na baadhi yake, na imejifunza kwa gharama kubwa kwamba hatari haimo katika kupokea fedha za mgeni, bali katika kupanga kana kwamba fedha hizo zimeshaingia mfukoni, na katika kujenga kitu ambacho hakuna aliyejiandaa kukitunza.

Sababu ya kwanza ya kumhitaji mgeni ni ya hesabu tu. Serikali inaweza kukusanya shilingi za kutosha kwa kodi na bado ishindwe kujenga bwawa la umeme, kwa kuwa mitambo ya bwawa huuzwa kwa dola, yuro au yuani, na huko inakoundwa shilingi haipokelewi. Fedha za kigeni hupatikana kwa njia chache: kuuza nje mazao, madini na huduma, kuwavutia wawekezaji, kukopa, au kupewa. Kinachotolewa bure huitwa ruzuku, nacho hakirudishwi. Mkopo wenye masharti nafuu hutozwa riba ndogo au hautozwi kabisa, tena mkopaji huachiwa miaka kadhaa ya mwanzo bila kulipa kitu. Mkopo wa kibiashara hutozwa riba ya soko, na mwenye nao hana subira. Hotuba nyingi huvifunga vitu hivi pamoja na kuviita michango ya washirika wa maendeleo, na kwa kufanya hivyo humnyima mwananchi nafasi ya kutofautisha zawadi na deni, jambo ambalo hata muuza duka wa mtaani halikubali katika daftari lake.

Tanganyika ilionja mapema mpango uliokuwa na fedha lakini usiokuwa na mwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaamua kufyeka mamilioni ya ekari za pori ili kulima karanga kwa mashine huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango huo, ulioanza kutekelezwa kati ya 1946 na 1947, ulichorwa London kwa mahitaji ya London. Matrekta yalikuja kabla ya mafundi wa kuyatengeneza, mvua za Kongwa zilihesabiwa kwa matumaini, na udongo wake wa mfinyanzi ulipokauka ukawa mgumu kiasi cha kuzing'ang'ania karanga zilizokuwa zimekomaa chini. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilikubali hasara ya zaidi ya paundi milioni 36. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini bandari ya Mtwara ilibaki, na leo inasafirisha korosho za wakulima ambao hawakuwamo kabisa katika hesabu za waliopanga.

Baada ya uhuru kulikuwa na mpango mfupi wa miaka mitatu, uliotegemea sana taarifa ya ujumbe wa Benki ya Dunia ya mwaka 1961, kisha ukaja Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ambao Mwalimu Julius Nyerere aliuwasilisha bungeni Mei 1964 na ambao utekelezaji wake ulianza Julai mwaka huohuo. Malengo yake makuu yalikuwa matatu, nayo yalitazama hadi 1980: pato la kila mtu, yaani pato lote la nchi likigawanywa kwa idadi ya wananchi, lipande kutoka takriban paundi 19 hadi 45 kwa mwaka, nchi ijitosheleze kwa wataalamu, na wastani wa umri wa kuishi, uliokuwa kati ya miaka 35 na 40, ufike 50. Hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuyalaumu malengo hayo. Ila ukifungua jedwali la fedha unakuta kwamba asilimia 78 ya matumizi ya maendeleo ya Serikali Kuu yalitarajiwa kutoka nje. Watu walioshika kalamu ya mpango walikuwa kwa sehemu kubwa wachumi wa kigeni, na hata wao wasingeweza kusema kwa uhakika nani atatoa nini na lini, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa imeahidiwa na yeyote. Yalikuwa makisio ya ukarimu wa watu wengine.

Ukarimu huo haukuchukua mwaka kabla ya kujaribiwa. Zanzibar, iliyoungana na Tanganyika Aprili 1964, ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, wakati Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo wa kutoshirikiana kwa kawaida na nchi yoyote inayofanya hivyo. Mzozo ulipofika kilele mwaka 1965, serikali ya Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi, na Nyerere akajibu kwa kuiambia iondoe na uliobaki. Mwezi Januari mwaka huohuo wanadiplomasia wawili wa Marekani walikuwa wamefukuzwa nchini. Desemba ikaleta pigo la tatu: walowezi wa Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, wakiongozwa na Ian Smith walikuwa wamejitangazia uhuru tarehe 11 Novemba, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukawataka wanachama wavunje uhusiano na Uingereza iwapo haitauzima uasi huo, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi chache zilizotimiza azimio hilo. Mkopo wa Uingereza wa paundi milioni 7.5 ukazuiwa. Wakati huohuo bei ya mkonge, zao lililokuwa likiongoza kuiletea nchi fedha za kigeni, ilikuwa inaporomoka kwa sababu kamba za nyuzi za plastiki zilikuwa zimeanza kuingia sokoni. Kwa hiyo katika muda wa mwaka mmoja nchi ilikosana na wahisani watatu huku zao lake kuu likiporomoka bei, na mpango ukabaki na malengo yaleyale juu ya mfuko mwingine kabisa.

Kuna upande mwingine wa kisa hiki ambao hausemwi mara nyingi, nao ni kwamba baadhi ya fedha zilizopatikana zilitumika vibaya kuliko zile zilizokosekana. Ushauri wa Benki ya Dunia ulikuwa umetofautisha njia mbili za kuinua kilimo: kuwaboresha wakulima pale walipo, polepole, au kuwahamishia baadhi yao kwenye makazi mapya yenye matrekta na wasimamizi. Serikali ilivutiwa na njia ya pili. Makazi ya mfano kama Upper Kitete yaligharimu wastani wa paundi 150,000 kila moja kwa familia zipatazo 250, wakulima wakachukuliwa kama vibarua wa serikali na wao wakaanza kujiona hivyo, na Aprili 1966 mradi wa kuanzisha makazi mengine ulisimamishwa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 linafahamika zaidi kwa kutaifisha mabenki na viwanda, lakini sehemu yake inayozungumzia fedha ilikuwa jibu la moja kwa moja kwa miaka hiyo mitatu. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi maskini haiwezi kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo yake kwa kuwa fedha ndicho kitu isichokuwa nacho, na kwamba zawadi na mikopo ikizidi kiasi huufanya uhuru uwe wa bendera tu. Jambo la kushangaza ni kwamba baada ya tamko hilo la kujitegemea, misaada ilimiminika kuliko kabla yake. Sweden na nchi nyingine za Skandinavia, Benki ya Dunia, Kanada na wengineo walivutiwa na nchi iliyosema waziwazi inataka nini, na katika miaka ya 1970 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi zaidi. Siasa ya kujitegemea ikalipiwa kwa sehemu kubwa na wengine.

Hakuna mahali ambapo ushirikiano wa kimataifa wa enzi hizo unaonekana vizuri zaidi kuliko katika njia inayotoka Dar es Salaam, kupita Iringa na Mbeya, na kuingia Zambia hadi Ukanda wa Shaba. Zambia haina bahari, na kabla ya uasi wa Smith shaba yake ilisafiri kwa reli kupitia Rhodesia hadi bandari za Msumbiji ya Wareno, huku mafuta yake yakiingia kwa njia hiyohiyo. Kuibana Rhodesia kulimaanisha kujibana pumzi mwenyewe, na ndiyo maana Rais Kaunda wa Zambia na Nyerere walihitaji njia ya kaskazini kwa haraka. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilijengwa na Waitaliano na kukamilika 1968. Barabara kuu ya lami ilijengwa kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden. Reli ikajengwa na China. Katika ukanda mmoja, miaka ileile, wakati dunia ikiwa imegawanyika kwa Vita Baridi, mataifa yasiyosalimiana yalifanya kazi karibu bega kwa bega, kwa sababu safari hii waliokuwa wanajua wanachotaka ni wenyeji.

Reli ndiyo iliyokataliwa kwanza. Benki ya Dunia iliona mwaka 1964 kwamba haitakuwa na faida, na nchi za Magharibi zilizoombwa hazikukubali, ingawa upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kitaalamu wa gharama na manufaa, uliofanywa baadaye na wataalamu wa Uingereza na Kanada ulionyesha kwamba ingewezekana. China, ambayo wakati huo ilikuwa yenyewe nchi maskini, ilitia saini makubaliano mjini Beijing Septemba 1967, na mwaka 1970 ikakubali kutoa mkopo usio na riba wa yuani milioni 988 uliopangwa kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, ukafika mpaka wa Tunduma 1973, na reli yote ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu kwa mahandaki na madaraja yanayofuatana, na ambako mvua za masika zilikuwa zikibomoa usiku kilichochimbwa mchana. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha wakati wa kazi hiyo, na makaburi ya wengi wao yako Gongo la Mboto, nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam.

Utaratibu wa kuilipia kazi hiyo unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa unaeleza ushirikiano wa kiuchumi kuliko tamko lolote la urafiki. China iliweza kuleta reli, mataruma, mashine na wahandisi, lakini maelfu ya vibarua Watanzania na Wazambia walitaka mishahara ya shilingi na kwacha, saruji ya Wazo Hill ilitaka shilingi, na China haikuwa na fedha za kigeni za kununulia shilingi hizo. Suluhisho likawa bidhaa. Karibu nusu ya gharama ya reli ilikuwa matumizi ya ndani, na ili kuyalipia, meli zilileta kutoka China vitambaa, mablanketi, baiskeli, tochi, chupa za chai, vyakula vya makopo, sufuria na peni, mashirika ya umma ya biashara yakavisambaza madukani, na shilingi zilizolipwa na wateja zikawekwa katika akaunti maalumu ya kuendeshea ujenzi. Mama aliyenunua chupa ya chai Morogoro mwaka 1972 alikuwa, bila kujua, analipa mshahara wa kibarua wa Mlimba.

Utaratibu huo ulikuwa wa akili, lakini haukuwa wa bure. Ili bidhaa za China ziuzike kwa wingi uliohitajika, ilibidi Tanzania ipunguze kununua vitu vya aina hiyo kutoka kwingineko, ikiwemo Kenya, na ndani ya miaka michache China ikapanda hadi kuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza kuiuzia Tanzania. Viwanda vya ndani vya nguo na vyombo, ambavyo mpango uleule wa taifa ulikuwa unataka vikue, vilikuta sokoni mshindani aliyeletwa na serikali. Mkopo usiokuwa na riba una bei yake, ila bei hiyo haiandikwi kwenye safu ya riba.

Kilichofuata baada ya makabidhiano kinafundisha zaidi. Reli hiyo, iitwayo TAZARA, ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka, lakini katika miaka yake bora kabisa ilibeba zaidi kidogo ya tani milioni 1.2, na kufikia katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa imeshuka chini ya tani 100,000. Vichwa vya treni vilivyoletwa na China vilishindwa kuhimili mlima wa Makambako, na katika miaka ya 1980 ikabidi vinunuliwe vingine kutoka Ujerumani Magharibi na Marekani, hivi kwamba reli ambayo Magharibi iliikataa ikaendelea kutembea kwa injini za Magharibi. Zambia ikafungua tena njia ya kusini, na Zimbabwe ilipopata uhuru 1980 sababu ya kisiasa ya reli ikapungua, malori yakaichukulia mizigo katika barabara iliyo sambamba nayo, na wanahisa wawili, yaani serikali mbili zilizogawana umiliki nusu kwa nusu, wakawa kila mmoja anamsubiri mwenzake atoe mtaji kwanza. Kujenga kulikuwa na mfadhili. Kutunza hakukuwa na mfadhili.

Kasoro hiyohiyo ilijirudia viwandani, ingawa huko ilikuwa ya kusikitisha zaidi kwa kuwa haikuwa na kisingizio cha siasa za ukombozi. Mpango wa Tatu, ulioanza 1976, ulitilia mkazo viwanda mama, yaani viwanda vinavyotumia malighafi ya nchini kutengeneza vitu vya lazima, na wafadhili walikuwa tayari kujenga kwa sababu kiwanda kipya kinapigwa picha na vipuri havipigwi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichofadhiliwa na Benki ya Dunia, kilitarajiwa kutoa jozi zipatazo milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikuwahi kuuza Ulaya, na uzalishaji wake haukufika hata asilimia 5 ya uwezo. Ngozi nzuri hazikupatikana kwa wingi, maji na umeme vilikatika, na fedha za kigeni za kununulia kemikali na vipuri hazikuwapo, kwa kuwa kila kiwanda kipya kilikuwa kinagombea dola zilezile chache.

Miaka hiyo ndipo mambo yalipokutana: bei ya mafuta ilipanda mara mbili, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978, na hazina ya fedha za kigeni ikakauka. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipodai shilingi ishushwe thamani na matumizi ya serikali yapunguzwe, Nyerere aliwahoji mabalozi, siku ya kwanza ya mwaka 1980, tangu lini shirika hilo limegeuka wizara ya fedha ya dunia. Swali lilikuwa la haki, ila halikuleta mafuta ya dizeli. Baada ya mipango ya dharura ya ndani kushindwa, serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilikubaliana na Shirika hilo mwaka 1986, shilingi ikashuka kutoka karibu 17 hadi karibu 40 kwa dola moja, bidhaa zikarudi madukani kwa bei ambazo mfanyakazi hakuzimudu, na kwa zaidi ya muongo mmoja neno mpango likapoteza nafasi yake kwa neno masharti.

Uhusiano huo uliharibika kiasi kwamba mwaka 1994 serikali za Tanzania na Denmark ziliteua kundi la washauri huru, likiongozwa na mchumi wa Kanada Gerald Helleiner, kuchunguza tatizo liko wapi. Taarifa yao ya 1995 haikumpendelea mtu: wafadhili waliambiwa kwamba wanaingilia mno na kuanzisha miradi yao pembeni ya bajeti, na serikali ikaambiwa kwamba imeacha kusimamia mapato yake na inavumilia rushwa. Kutokana na mazungumzo yaliyofuata yalitokea mambo mengi yenye majina ya vifupisho, kama vile MKUKUTA, mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini, na MPAMITA, mkakati wa pamoja wa misaada uliosainiwa 2006, pamoja na msamaha mkubwa wa madeni uliokamilishwa Novemba 2001. Lililo dogo kuliko yote ndilo linaloonyesha hali ilikuwaje: ilikubaliwa kwamba miezi ya Aprili hadi Agosti, wakati bajeti inapotayarishwa na kupitishwa, wafadhili wasilete ujumbe wowote isipokuwa wa dharura, ili maofisa wa wizara wapate kufanya kazi yao badala ya kupokea wageni. Nchi inayolazimika kuomba kipindi cha ukimya ili iandike bajeti yake imekuwa na wageni wengi mno.

Majirani nao walipaswa kuwa njia rahisi kuliko zote, lakini rekodi yao si nzuri. Mwaka 1964 Kenya, Uganda na Tanganyika zilikubaliana Kampala kugawana viwanda, kila nchi ipewe vyake ili soko la pamoja litoshe kimoja badala ya kugombewa na vitatu. Kenya haikuidhinisha makubaliano hayo. Matairi yalikuwa yamepangiwa Tanganyika. Mwisho wake Firestone ikajenga Nairobi na General Tyre ikajenga Arusha, viwanda viwili kwa soko lililotosha kimoja. Jumuiya iliyofufuliwa mwaka 2000 sasa ina nchi wanachama nane, na bado kila moja inaandika mpango wake chumbani kwake.

Hali ya leo si ile ya 1964. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, ambalo wataalamu wa Norway walilichunguza katika miaka ya 1970 na ambalo wafadhili walilikwepa kwa miongo, limejengwa na kampuni za Misri kwa fedha za Serikali yenyewe, na mitambo yake tisa yenye uwezo wa megawati 2,115 ilikamilika 2025. Reli ya kisasa ya SGR, iliyojengwa na mkandarasi wa Uturuki kati ya Dar es Salaam na Dodoma na kuanza kubeba abiria kwenye njia hiyo yote Julai 2024, imelipiwa kwa mchanganyiko wa kodi na mikopo, mingine ikiwa ya kibiashara. Katika bajeti ya 2025/26, ya shilingi trilioni 56.49, takriban asilimia 70 ilitarajiwa kutokana na mapato ya ndani. Si haki kuilinganisha asilimia hiyo moja kwa moja na zile 78 za mwaka 1964, kwa sababu ile ilihusu matumizi ya maendeleo peke yake na hii inahusu bajeti nzima, pamoja na mishahara. Hata hivyo mwelekeo uko wazi. Kilichobadilika pia ni aina ya deni, kwani kadiri nchi inavyopanda daraja, na Tanzania iliingizwa katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini mwaka 2020, ndivyo mikopo nafuu inavyopungua na ile ya kibiashara inavyochukua nafasi yake.

Na ukanda wa shaba umerudi mezani. Marekani na Umoja wa Ulaya zinaunga mkono reli ya Lobito inayopeleka madini ya Kongo na Zambia kwenye Atlantiki kupitia Angola, na China imerudi TAZARA: hati ya makubaliano ilisainiwa Beijing Septemba 2024, na mwaka uliofuata kampuni ya China ikapewa dhamana ya kuikarabati na kuiendesha kwa miaka 30, kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Safari hii si mkopo usio na riba wala chupa za chai. Mwekezaji anaweka mtaji wake na anatarajia kuurudisha kwa nauli na tozo za mizigo.

Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, inataka uchumi wa dola trilioni 1 na pato la dola 7,000 kwa kila mtu, nayo itatekelezwa kwa mipango ya miaka mitano mitano, wa kwanza ukianzia 2026/27. Msomaji atakayekipata kitabu cha mpango huo asianze na dibaji. Afungue majedwali ya mwisho, atafute safu ya vyanzo vya fedha, aone ni kiasi gani kimesainiwa na kiasi gani kinatarajiwa tu, kisha atafute mstari wa matengenezo. Na asipoukuta, amuulize mbunge wake.